Sauti Imevuka Ziwa, Maneno Yamebaki Ufukweni

Sisi wapenzi wa ushairi wa Kiswahili tumezoea kubishana juu ya vina na mizani, juu ya shairi guni na shairi huru, na juu ya nani hasa anastahili kuitwa malenga. Ni nadra kuulizana kinachoyapata maneno ya mshairi pindi yanapoingia katika studio ya muziki. Swali hilo naliona zito kuliko tunavyolichukulia, kwa kuwa siku hizi wanaoyapokea mashairi kwa sikio ni wengi kuliko wanaoyasoma kwa jicho, na sikio hupokea kile ambacho fundi wa mitambo ameamua lipokee. Hoja yangu ni kwamba studio ni mshirika mwema wa sauti, lakini haiwezi kuachiwa peke yake ulinzi wa neno. Ulinzi huo ni kazi yetu, na hapa Mwanza tumechelewa kuianza.

Nitaanza na wimbo mmoja wa watu wa ziwa hili, ingawa haukutungwa upande wetu wa maji. Unaitwa Kothbiro, maneno ya Kijaluo yenye maana ya "mvua yaja". Ulirekodiwa katika miaka ya 1970 na Black Savage, kundi la vijana wa Kenya waliokuwa wakipiga roki kwa magitaa ya umeme. Mmoja wa vijana hao aliitwa Job Seda, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1956, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ayub Ogada. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake, ala ya nyuzi nane, akawa anawapigia wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London. Huko ndiko alikopatikana na watu wa WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel alikuwa mmoja wa waasisi wake, na mwaka 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo chini ya lebo ya Real World. Kothbiro umo humo, safari hii ukiwa umevuliwa vishindo vya roki na kuachwa na nyatiti na sauti tulivu ya mwimbaji.

Safari haikuishia hapo. Mwaka 2005 wimbo huo ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener. Mwaka 2018 kipande cha rekodi ile ya zamani ya Black Savage kikachukuliwa na kuingizwa katika Yikes, wimbo wa Kanye West, na majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yakatajwa miongoni mwa watunzi wake. Ogada alifariki Februari 2019, akiwa amerudi kuishi upande wa Kisumu.

Roki, nyatiti, filamu, rap: wimbo mmoja umepita katika mikono minne, na katika kila mkono umepata masikio mapya. Majina ya watunzi nayo yamefika, jambo ambalo wengi wa wasanii wetu wangelililia. Lakini maneno je? Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Rorya, ndiye aliyenieleza maana yake. Mtu anawaita watoto: mko wapi, mvua yaja, rudisheni ng'ombe nyumbani. Basi. Kwetu tunaoishi kando ya ziwa picha hiyo si ngeni hata kidogo. Mvua ya ziwa haina subira. Unaona weusi umetanda juu ya maji, upepo unageuka baridi, na kabla hujamaliza kusema "itanyesha", wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba wameshakimbilia maturubai. Ndani ya wito ule mna haraka, mna hofu ndogo ya mzazi, mna upendo usiotajwa kwa jina lake. Asiyejua Kijaluo, akiusikia wimbo huo katika filamu inayozunguka kifo cha mwanamke, ana kila sababu ya kudhani kwamba anasikiliza maombolezo. Hajakosea kuguswa, kwa maana sauti imemfikia. Shairi ndilo lililobaki nyuma.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini naitaja roki kwa mkazo namna hii katika ukumbi wa ushairi. Ni kwa sababu nyumba iliyomtolea Ogada albamu yake ilijengwa na mtu wa roki. Kabla ya kuanzisha Real World, Peter Gabriel alikuwa mwimbaji wa Genesis, kundi aliloliacha mwaka 1975, na Genesis lilikuwa mojawapo ya nguzo za ile roki iitwayo ya progresivu. Roki hiyo ilichoka na nyimbo za dakika tatu. Ikatunga nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, ikageuza studio yenyewe kuwa ala, na ikapenda albamu inayosimulia habari moja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa lugha ya nyumbani, waliacha shairi la beti tano wakaandika utenzi. Aliyesoma Utendi wa Mwana Kupona hatashangazwa na tamaa yao ya kutaka jambo moja lipewe nafasi ya kutosha.

Katika roki hiyo palizuka namna ya kazi ambayo naiona ina fundisho kwa washairi: mradi wa studio. Mfano wake ulio wazi kuliko yote ni The Alan Parsons Project. Mwaka 1975 Alan Parsons, fundi wa sauti aliyekuwa ameshiriki kurekodi The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, alishirikiana na Eric Woolfson, mtunzi wa nyimbo na mpiga piano. Hawakuunda bendi ya kuzunguka majukwaani. Waliandika nyimbo, kisha kwa kila wimbo wakatafuta koo iliyoufaa. Colin Blunstone alipewa Old and Wise. Lenny Zakatek, John Miles na Chris Rainbow walipewa nyingine. Na Woolfson mwenyewe akaimba Time na Eye in the Sky. Ian Bairnson alipiga gitaa, Stuart Elliott ngoma, David Paton besi, na Andrew Powell akapanga sehemu za okestra. Kati ya mwaka 1976 na 1987 walitoa albamu 10 kwa utaratibu huo, ya kwanza ikijengwa juu ya hadithi na mashairi ya Edgar Allan Poe.

Nayataja majina haya kwa kusudi. Yanajulikana leo kwa sababu yaliandikwa: nani kapiga nini, nani kaimba upi, nani katunga. Na ilikuwa desturi ya albamu za roki za aina hiyo kuchapa maneno ya nyimbo ndani ya jalada, ili msikilizaji aketi na kusoma huku santuri ikizunguka. Mtu mmoja anatunga maneno, mwingine anayapa sauti, wa tatu anapanga ala, wa nne yuko nyuma ya mitambo. Na bado shairi linabaki shairi, na kila mtu anabaki na jina lake. Ugawaji huo wa kazi haukuanzia Ulaya. Taarabu yetu imeujua miaka mingi: shairi la mmoja, muziki wa mwingine, sauti ya wa tatu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda peke yake. Na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu, kalamu ikishika pale ambapo sauti ilikuwa imefikia. Nadhani hicho ndicho kielelezo chetu bora zaidi: sauti ikatangulia, kalamu ikafuata bila kuona haya.

Sasa turudi kwenye ile nyumba ya Gabriel, maana Ogada hakuwa mwana pekee wa Afrika Mashariki kupita humo. Mwaka 1989 Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila walitoa Songs for the Poor Man chini ya lebo hiyohiyo. Remmy aliimba kwa Kiswahili, na sisi tunaokielewa tunajua alivyokuwa mshairi wa watu wanyonge: akiizungumzia mauti, huizungumzia kama jirani mkorofi anayefahamika mtaani. Jaribu kuuondoa uelewa huo kwa dakika moja. Jifanye hujui Kiswahili, kisha usikilize tena. Utabaki na magitaa yanayojibizana vizuri na sauti nzito inayopendeza. Utacheza. Utamsifu. Lakini Remmy atakuwa amekupita. Basi na ijulikane kwamba hivyo ndivyo sisi wenyewe tunavyomsikiliza Ogada, na ndivyo wengi wetu tunavyomsikiliza Hukwe Zawose.

Huyo Zawose ndiye anayekaribia zaidi kile nilichokiita mradi wa studio. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, bingwa wa ilimba na zeze, mwalimu wa miaka mingi Bagamoyo, mwenye koo iliyoweza kushuka hadi kisimani na kupanda hadi juu ya mti katika pumzi moja. Mwaka 2002 alitoa Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada ambaye alikuwa ameshafanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Brook hakumwekea Zawose gitaa kama pambo la pembeni. Aliisuka ilimba pamoja na gitaa la umeme na midundo ya mashine, tabaka juu ya tabaka, hata mahali pengine huwezi kusema chuma cha Ugogo kinakoma wapi na waya wa gitaa unaanzia wapi. Wapo waliolalamika kwamba asili imechafuliwa. Mimi siungi mkono lalamiko hilo. Zawose alikuwa mtu mzima aliyejua anachokifanya, na muziki wa Wagogo haukuwahi kuwa chombo cha makumbusho. Mwaka uliofuata, Desemba 2003, alifariki, na rekodi ile ni sehemu ya urithi aliotuachia.

Lalamiko langu ni jingine. Ninaposikiliza Assembly nasikia Kigogo kikisema jambo, tena kwa kina, na sina mahali pa kulisoma kwa Kiswahili. Mgogo na Msukuma na Mjaluo wanaishi katika Afrika Mashariki moja, wanaunganishwa na lugha moja kubwa, na lugha hiyo imeshindwa kuwa daraja kati ya nyimbo zao. Kiswahili kimetafsiri Shakespeare. Julius Nyerere mwenyewe aliandika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Hakijashughulika vya kutosha na Kothbiro.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu la watu ninaowaheshimu. Watasema muziki ni lugha tosha. Kwamba Ogada aliwaliza watu wasiojua hata neno moja la Kijaluo, na kwamba kuyafuata maneno ni kuipunguza nguvu ya sauti. Watasema pia kwamba wimbo wa mapokeo haufungwi katika maandishi, kwani leo unaimbwa hivi na kesho vile, na karatasi huugandisha. Hoja ya kwanza nakubaliana nayo nusu. Sauti ina nguvu yake, na sijasema inyang'anywe. Lakini anayesema maneno hayana haja, mara nyingi ni yule ambaye lugha yake haijawahi kukosa kuandikwa. Woolfson hakuulizwa kama maneno yake yana haja, yalichapwa. Hoja ya pili ina ukweli zaidi, ila inasahau jambo moja. Rekodi nayo hugandisha. Pindi manju anapoimba mbele ya kipaza sauti na faili likahifadhiwa, toleo moja kati ya mengi limeshachaguliwa. Kinachobaki kuamuliwa ni kama toleo hilo litahifadhiwa kwa ukamilifu au kwa nusu.

Na hapo ndipo ninapofika Mwanza. Wasukuma ni watu wa mashindano ya nyimbo. Bagika na Bagalu wamekuwa wakishindana kwa ngoma kizazi baada ya kizazi, na kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo, watu hukusanyika Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kuwatazama. Wageni hutazama nyoka na madaha ya wachezaji. Mwenyeji husikiliza maneno, kwa sababu katika mashindano yale manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hutunga kejeli, sifa, historia na mafumbo, na mara nyingi hujitaja jina ndani ya wimbo wake. Washairi wa Kiswahili tunaifahamu desturi hiyo: ni ileile ya malenga anayeweka jina lake katika ubeti wa tamati. Ni hakimiliki ya kale, isiyohitaji mhuri.

Siku hizi nyimbo za Kisukuma zinarekodiwa kwa wingi hapa mjini, na jambo hilo linanifurahisha. Nimekaa mara kadhaa katika studio ndogo za vichochoroni, nikamwona manju akiimba pekee yake huku amevaa vipokea sauti masikioni, biti ikiwa imeshatengenezwa kabla hajafika. Prodyuza ni kijana hodari. Anajua kusafisha sauti, anajua kuweka kinanda pale palipokuwa na manyanga. Lakini nikiuliza maneno ya wimbo yako wapi, naonyeshwa faili la sauti. Nikiuliza aliyepiga ngoma ni nani, jibu ni "vijana fulani". Wimbo unakwenda kwenye flashi, kutoka flashi unaingia kwenye daladala na YouTube, na baada ya miaka mitatu hata walioushiriki hawakubaliani tena kuhusu mstari wa pili wa ubeti wa nne. Kisukuma cha manju kina maneno ya ndani ambayo kijana wa Nyamagana hayajui tena. Manju akifariki, faili litaendelea kucheza, na hapatakuwa na wa kueleza linasema nini.

Mtu mmoja amekwisha kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Frank Gunderson, mtafiti wa Kimarekani, alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, zikiwa na maneno yake na tafsiri. Namshukuru. Lakini tafsiri hiyo ni ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba msomaji wa Leiden au Florida anaweza kujua mkulima wa Magu aliimba nini akiwa ameshika jembe, wakati mwanafunzi wa Kiswahili wa Butimba hawezi, labda awe anasoma Kiingereza au anajua Kisukuma. Aibu hiyo ni yetu, tena hatuna wa kumtwisha.

Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. La kwanza, kila mshairi aliye jirani na studio ajitolee kuwa mwandishi wa maneno. Akae na manju, waandike wimbo wote kwa lugha yake, mstari kwa mstari, kabla mwimbaji hajaondoka. Daftari na saa mbili zinatosha. La pili, wimbo huo utafsiriwe kwa Kiswahili na mtu anayejali ushairi, ili tafsiri isiwe maelezo makavu ya maana bali iwe na pumzi. Anayetaka kujaribu tarbia ajaribu. Anayeona shairi huru linafaa zaidi asizuiwe. La tatu, kila rekodi iambatane na orodha ya walioshiriki: mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, mwimbaji, waitikiaji, wapiga ala, fundi wa mitambo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya fasihi na kazi ya muziki, na COSOTA ipo. Lakini sheria humsaidia yule anayeweza kuonyesha alichotunga. Majina mawili ya Kothbiro yalionekana tena mwaka 2018, miongo kadhaa baada ya rekodi ya kwanza, kwa sababu yalikuwa yanajulikana. Jina la "vijana fulani" halitaonekana popote.

Sitaki mtu aelewe kwamba naogopa mashine. Natamani siku moja pafanyike hapa Mwanza mradi wa studio wa haja: manju wa Bagalu atunge, mpiga nyatiti wa Rorya aje na nyuzi zake nane, mpiga gitaa wa roki alete umeme wake, mwanamke wa Ukerewe aimbe, na mshairi wa Kiswahili akae pembeni na daftari. Albamu nzima iwe habari moja, tuseme ya ziwa kupanda na kushuka, kama utenzi. Ikitoka, itoke na kijitabu chenye lugha zote, na kila aliyegusa waya au ngozi ya ngoma atajwe. Vipaji vipo na studio zipo. Daftari ndilo linalokosekana.

Nafunga kwa ubeti mmoja, na ninawakaribisha malenga wenzangu waujibu:

Sauti imeshavuka, hadi kule Marekani,
Maneno hayakufika, yamebaki ufukweni,
Shika kalamu, andika, lugha yako ithamini,
Wimbo bila ya maneno, ni ngoma tupu hewani.